Mwongozo: jinsi ya kukusanya data za watu waliohama makwao baada ya mafuriko au maporomoko

Kila masika yakichachamaa maswali ni yaleyale. Tumeambiwa tuandikishe waliohama, tunaanzia wapi? Tuchukue majina au idadi tu? Fomu ya karatasi au simu? Mbona namba zetu na za mwenyekiti haziendani? Basi naweka yote hapa, atakayeuliza tena namtumia hii.

Naongea na wewe kijana wa kujitolea, mtendaji wa kijiji, mwalimu ambaye shule yako imegeuka kambi ghafla, au wewe wa shirika dogo ambaye hujawahi kuifanya hii kazi na kesho alfajiri unatakiwa uwe eneo la tukio. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania: Hanang, tope liliposhuka mlimani likaingia Katesh na Gendabi tarehe 3 Desemba 2023, na Rufiji na Kibiti kwenye mafuriko ya Aprili 2024. Ukiwa Budalangi au Tana River huko Kenya kazi ni ileile, vyeo tu ndo vinabadilika, badala ya mtendaji unaenda kwa chifu.

Ila kitu kimoja nakisema mwanzoni kabisa maana hapa ndo wengi wanapotea. Fomu iwe fupi, halafu urudi tena baada ya siku chache. Watu waliohama hawatulii, leo yuko darasani shule ya msingi, kesho kutwa kaenda kwa shemeji yake, wiki ijayo karudi kuangalia nyumba kama imesimama. Idadi ya Jumatatu ikifika Alhamisi imeshachacha. Bora maswali kumi na mawili uliyouliza mara tatu kuliko maswali themanini uliyouliza mara moja ukaja kumaliza wakati watu wameshatawanyika.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Ruhusa. Barua kutoka ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri au kwa mtendaji wa kata, na kamati ya maafa ya pale iwe inawajua. Kwa Tanzania kamati hizi zipo kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Ukiingia kimyakimya na simu unahoji watu utaonekana mpelelezi au mtu wa siasa, na hapo kazi imekufa.
- Watu wawiliwawili, mwanaume na mwanamke kila timu, na angalau mmoja anaongea lugha ya pale. Hanang kuna bibi wa Kibarbaig au wa Kiiraqw ambaye Kiswahili cha haraka haraka hakimkai, ukimhoji kwa Kiswahili atakujibu "ndiyo" kwa kila kitu na utaondoka na ndiyo zako.
- Simu za Android zenye programu ya KoboCollect (ndo unajazia fomu), na akaunti ya KoboToolbox (tovuti unakotengenezea fomu na kupokea majibu). Ni ya bure kwa kazi za namna hii, na ukishapakua fomu unajaza bila intaneti, bando unalihitaji wakati wa kutuma tu.
- Pawa benki, kaunta buku na penseli. Penseli nimesema, peni ikikutana na mvua ukurasa wote unakuwa wino.
- Orodha ya vitongoji na idadi ya kaya kabla ya maafa. Mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji ana daftari la wakazi, omba upige picha jumla za kila kitongoji, majina huyahitaji.
- Namba ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na ile ya msaada kwa watoto, 116, ambayo inapigwa bure Tanzania na Kenya pia.
- Mabuti ya mvua, koti, maji ya kunywa na chakula chenu wenyewe. Msipange foleni ya uji wa kambini, jamani. Watu wanaona.

Hatua 1. Kubalianeni nani anahesabiwa kuwa amehama

Kaeni timu nzima, nusu saa inatosha. Aliyeathirika na aliyehama ni watu wawili tofauti. Ambaye shamba limezama lakini analala kwake, ameathirika, hajahama. Mkichanganya hawa mtapeleka namba kubwa ya mahema halafu mahema yakija hayana wa kulala.

Njia rahisi ni maswali mawili: "Kabla ya maji kuja mlikuwa mnalala wapi?" na "Usiku wa kuamkia leo mmelala wapi?" Majibu yakitofautiana, na kilichowahamisha ni hayo maji au hilo tope, amehama. Watu wameshazoea swali la usiku wa kuamkia maana ndo la sensa, ile ya 2022 ilikuwa usiku wa kuamkia 23 Agosti.

Rufiji kuwa makini zaidi. Tangu watu walipohamishiwa maeneo ya juu kwenye Operesheni Rufiji mwishoni mwa miaka ya 1960, wapo wenye nyumba kijijini juu na dungu (kibanda cha kulindia mazao) shambani bondeni, msimu wa mazao wanalala bondeni kufukuza nguruwe wasimalize mpunga. Dungu likienda na maji na mtu akarudi nyumbani kwake kijijini, amehama au hajahama? Mimi namwandika pembeni kwenye safu yake mwenyewe, amepoteza makazi ya msimu. Nyie mnaweza kuamua tofauti, ila amueni kabla, na wote mfanye hivyohivyo.

Hatua 2. Orodhesha sehemu ZOTE walipo watu

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa. Timu inafika, inaona kambi shuleni, mahema, bendera za mashirika, inahesabu pale, inaondoka. Wakati waliohama wengi huwa hawaendi kambini kabisa. Kwetu mtu akipata janga anaenda kwa ndugu: kwa mjomba, kwa dada aliyeolewa kijiji cha pili, kwa rafiki wa mume, chumba kimoja wanalala kumi na moja. Hawa hawana hema wala bango, na anayewapokea naye unga wake unaisha wiki ya kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa na mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, na mabalozi wa nyumba kumi kama bado wapo, chora kwenye karatasi kubwa: shule, misikiti, makanisa, maghala, ofisi za kijiji, halafu kitongoji kwa kitongoji uliza "hapa kwako nyumba ngapi zimepokea wageni kwa sababu ya mafuriko?" Usiishie kwa viongozi. Muulize mama ntilie, bodaboda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Bodaboda anajua nani amepelekwa wapi na magodoro yake, kuliko ofisi yoyote.

Kila sehemu mpe namba. KAT-01, KAT-02 na kuendelea, KAT ikiwa ni Katesh. Namba haibadiliki hata jina la shule likiandikwa kwa herufi tofauti na kila mtu, na litaandikwa, nakuhakikishia.

Hatua 3. Amua: idadi au majina

Ni kazi mbili. Idadi ni ya kupanga maji, vyoo, mahema. Orodha ya majina ni ya kugawa kitu kwa mtu fulani au kuunganisha ndugu waliopoteana. Siku za mwanzo anza na idadi, ni haraka na haina hatari. Majina yachukuliwe pale ambapo kuna kitu kweli cha kugawa na mwenye jukumu anajulikana, halmashauri au Msalaba Mwekundu kwa mfano.

Ukichukua majina umechukua dhamana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwao ya 2019, na hata kama sheria zisingekuwepo fikiria tu: orodha yenye jina la mama anayelala peke yake na watoto, namba ya simu na darasa analolala, inazunguka kwenye grupu la WhatsApp la watu mia mbili. USITUME ORODHA YA MAJINA KWENYE GRUPU. Hata la viongozi. Hata kwa dakika mbili halafu ufute.

Hatua 4. Tengeneza fomu

Ya kaya moja ikizidi dakika kumi ni ndefu. Mimi naweka hivi:

- tarehe, namba ya sehemu, na GPS (simu inachukua mahali mlipo)
- namba ya kaya (KAT-02-017, yaani sehemu ya pili, kaya ya kumi na saba)
- anayejibu ni nani kwenye kaya
- walikotoka, mpaka kitongoji
- tarehe waliyohama
- waliolala hapa usiku wa kuamkia leo: wanaume na wanawake, kwa umri wa chini ya miaka 5, 5 hadi 17, 18 hadi 59, na 60 kwenda juu
- wajawazito na wanaonyonyesha wangapi
- wenye shida kubwa ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana
- kuna anayetumia dawa za kila siku ambazo zimepotea au zinakaribia kuisha? Ndiyo au hapana, BASI. Usiulize dawa za nini, majirani wanasikia
- kuna mwanakaya amelala kwingine? wapi?
- wiki ijayo wanategemea kuwa wapi
- hitaji la kwanza, moja tu

Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Usiseme familia, ukisema familia mzee atakuhesabia na mtoto aliyeko Mwanza.

La ulemavu, usiulize "hapa kuna mlemavu?" Watu wanaficha, au hawamhesabu bibi asiyeona kuwa ni mlemavu, kwao ni uzee. Uliza kuhusu shida: "kuna mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani?" halafu mpe majibu manne, hakuna shida, kidogo, kubwa, hawezi kabisa. Unahesabu kuanzia kubwa.

Kwenye Kobo weka sharti kwamba jumla ya watu lazima ilingane na idadi za kila umri zikijumlishwa, na tarehe ya kuhama isiwe kabla ya janga lenyewe. Dakika tano za kuweka hayo zinakuokolea usiku mzima. Na fomu iwe ya Kiswahili, usiwaachie vijana watafsiri kichwani wakiwa kwenye tope, kila mmoja atauliza swali lake.

Hatua 5. Ijaribu

Jazaneni nyie kwa nyie, kisha kaya tatu nne za kweli. Kila simu itume fomu moja uone imefika. Ondoka mjini fomu ikiwa IMESHAPAKULIWA kwenye simu zote, usije ukagundua uko Muhoro kule Rufiji huna mtandao na simu mbili ni tupu.

Hatua 6. Salamu na maelezo

Unaanza kwa uongozi wa kambi, kisha kwa watu wenyewe. Mtu amezika juzi, usimwingie na simu mkononi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Shikamoo mama. Poleni sana na yaliyowakuta. Mimi naitwa fulani, natoka kamati ya maafa ya kata. Tunahesabu waliohama ili ijulikane maji, vyoo na mahema yanahitajika kiasi gani. Hatugawi kitu leo na siwezi kukuahidi kitu. Kujibu ni hiari yako, usipotaka hakuna utakachonyimwa. Naweza kukuuliza, kama dakika kumi hivi?"

Sehemu ya "siwezi kukuahidi" vijana wanaipenda kuiruka kwa sababu inauma kuisema. Iseme. Ukiiruka, kesho yake kila kaya ina watu tisa.

Ukikutana na mtoto aliye peke yake bila mzazi wala ndugu, usimhoji na usimpige picha. Mtafute mtu mzima wa kuaminika wa pale abaki naye, piga simu ustawi wa jamii au 116, halafu endelea. Hivyohivyo mtu akianza kukusimulia amefanyiwa ukatili: sikiliza, usiandike kwenye fomu, mwelekeze kwa mhudumu husika.

Hatua 7. Hesabu

Muda ni jioni watu wakisharudi au alfajiri kabla hawajatoka. Ukihesabu saa tano asubuhi wanaume wameenda kutafuta mali zao kwenye tope, kina mama wako kwenye maji, umebaki na wazee na watoto. Na siku ya mgao wa chakula usihesabu, mpaka wa kijiji cha tatu wamekuja.

Sehemu zilizo karibu zihesabiwe siku moja, saa zilezile. La sivyo mtu anahesabiwa shuleni asubuhi na msikitini jioni, wala hajafanya kwa ubaya, ndo maisha yenyewe.

Kambi ikiwa kubwa na nyie ni wachache, chukua sampuli. Hesabu mahema yote kwanza, kwa mfano 180. Ingia kila hema la sita, yaani 30, hesabu waliolala humo. Ukipata watu 159, wastani ni 5.3 kwa hema, zidisha kwa 180 unapata 954. Andika kwenye ripoti kuwa ni makadirio. Na hema la sita ni la sita, usiruke lenye mbwa mkali au lililo mbali na njia, mara nyingi walioko pembezoni ndo wenye hali mbaya.

Kwa nyumba zilizopokea wageni, nenda na balozi mpaka mlangoni, akutambulishe, halafu muombe kwa adabu akae pembeni. Mgeni hawezi kusema chakula hakitoshi mwenyeji na balozi wamekaa palepale.

Hatua 8. Safisha usiku uleule

Usisubiri wikiendi. Tumeni fomu zote, pakua kwenye Excel, angalia haya: kaya zilizojirudia (linganisha walikotoka, ukubwa wa kaya na umri, usitegemee namba ya simu maana simu moja inatumiwa na kaya tatu, wala kitambulisho cha NIDA maana kwa wengi kimeenda na maji), kaya za watu kumi na tano, na mkusanyaji ambaye kaya zake zote zina watu watano watano. Sensa ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya Tanzania nzima. Ukipata 8 si lazima iwe uongo, inawezekana wamehesabu vyungu viwili kama kimoja, lakini uliza wakati kumbukumbu bado ipo.

Na ukiletewa taarifa inayosema "kaya 300, watu 1,500" jua hapo hakuna aliyehesabiwa, kuna aliyezidisha kwa tano.

Hatua 9. Ripoti ya ukurasa mmoja

Mkuu wa wilaya hasomi kurasa ishirini akiwa na matope mpaka magotini. Juu kabisa weka tarehe na saa ya hesabu, kisha sehemu kwa sehemu: kaya, watu, umri, walikotoka, hitaji la kwanza. Walioko kwa ndugu wawe na mstari wao.

Kisha geuza idadi iwe mahitaji. Viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika ni angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni na baadaye kimoja kwa 20, na mita za mraba 3.5 za kulala kwa mtu. Wale 954 wetu: maji lita 14,310 kwa siku, vyoo 20 haraka na 48 baadaye, eneo la kulala mita za mraba 3,339. Ukimwambia mtu "hali ni mbaya" atakupa pole. Ukimwambia kambi ina vyoo sita na vinatakiwa ishirini, anajua anunue nini.

Waliofariki na waliopotea usiwajumlishe humu, hiyo ni kazi ya polisi na hospitali.

Hatua 10. Rudi

Wiki ya kwanza kila baada ya siku mbili tatu, baadaye mara moja kwa wiki. Fomu ileile na namba zilezile za sehemu. Maji ya Rufiji hayaondoki kwa siku moja kama tope linavyoshuka na kusimama, kwa hiyo huko wimbi la pili na la tatu la wanaohama linakuja wakati wewe umeshafunga faili.

Yakikwama

*GPS haishiki.* Toka nje, mbali na bati na miti, subiri usahihi ushuke chini ya mita 10. Bila mtandao inachukua muda mrefu kidogo, ni kawaida. Ikigoma kabisa, moja kwa kila sehemu inatosha, huhitaji ya kila kaya.

*Fomu hazitumi.* Ziko salama ndani ya simu. USIFUTE programu wala usii-install upya, utazifuta zote. Tafuta mtandao, tuma.

*Namba zetu na za mwenyekiti haziendani.* Usimwambie amedanganya, mzee wa watu. Kaa naye mlinganishe kitongoji kwa kitongoji. Mara nyingi yeye amehesabu walioathirika na wewe umehesabu waliolala pale, au yeye kawahesabu walioko kwa ndugu na wewe hukuwafikia. Zikibaki tofauti, ripoti zote mbili na sababu.

*Watu wamegoma kuhojiwa.* Kwa kawaida wameshahojiwa na timu nyingine nne na hawajaona kitu. Acha. Omba data za hao waliotangulia, hesabu mahema na vyumba kwa macho, uliza watu watatu tofauti (kiongozi wa kambi, mama mmoja, mhudumu wa afya) kila mmoja peke yake na ulinganishe.

*Mume anahesabiwa wapi, yeye kabaki kulinda ng'ombe?* Pale alipolala. Kambini anaingia kwenye swali la aliyelala kwingine, ndo maana lipo.

*Shule inafunguliwa Jumatatu, watu wanahamishwa.* Hesabu ya mwisho Jumapili usiku, kila kaya ipewe kikaratasi chenye namba yake ya kaya, na uulize wanaenda wapi mpaka kitongoji. Huko waendako anayewapokea akiandika namba hiyohiyo, huanzi upya.